Saa Kumi na Dakika Ishirini na Sita

Ubud, Bali
Jumatatu, 24 Machi 2025

Mjomba Ngosha,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama Pius hajambo? Mimi mzima, ila usingizi bado uko Mwanza: huku wametutangulia saa tano, kwa hiyo mchana nasinzia na usiku nakodoa macho.

Ulisema picha zije kwa simu lakini maneno yaje kwa barua, kwa sababu maneno ya WhatsApp hayana mwanzo wala mwisho. Haya, hii ndiyo barua, ingawa inakuja kwa barua pepe.

Tuko wanafunzi kumi na mmoja kutoka nchi tisa, kwa wiki sita. Kazi yetu ni kupiga picha sherehe za dini za huku na kujifunza kuziheshimu. Mwalimu anaitwa Pak Wayan. "Pak" ni kama sisi tunavyosema "Mzee", na Wayan hupewa mtoto wa kwanza, kwa hiyo ukiita Wayan sokoni wanageuka watu thelathini. Siku mbili za mwanzo alitunyang'anya kamera. Tulikaa chini na wanawake wa mtaa tukisuka visahani vya majani ya mnazi, tukapanga ndani maua na wali kidogo, tukaviweka milangoni, njia panda, hata juu ya pikipiki. Mjerumani mmoja akauliza, "Kazi tutaanza lini?" Pak Wayan akamtazama mkono. "Jani limeshakukata mara tatu. Umeanza." Ungempenda.

Mama aliniambia nitajiona nyumbani, kwa kuwa ni Wahindu wenzetu. Nimewauliza Diwali yao ni lini, wakanitazama kama nimeuliza tarehe ya Krismasi ya Waislamu. Sijajiona nyumbani hata kidogo, na ninafurahi.

Jana Pak Wayan alitundika ukutani picha zilizotufanya tuchaguliwe. Yangu ni ile ya Bulabo ya Juni iliyopita, pale Bujora: mcheza bugobogobo ametupa jembe hewani, na nyuma yake watu wa Bagalu wamewapa mgongo wachezaji wao wenyewe ili wamtazame yeye. Ilibidi nieleze kwamba Bulabo ni sikukuu ya Ekaristi yenye ngoma za Kisukuma, kwamba kambi mbili, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja na mshindi ni anayevuta umati, na kwamba picha ile ni sekunde ambayo Bagika walishinda. Pak Wayan alisimama mbele yake muda mrefu.

Nimekutumia picha ya ukuta kwa simu. Wasalimie wote.

Mpwa wako,
Jyotsna


Mwanza
Jumanne, 25 Machi 2025

Mpwa wangu Jyotsna,

Marahaba. Goti liko vilevile. Mama Pius mzima, anakusalimu, na bado anakuita Josina. Baba yako mzima. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo.

Nimeiona picha ya ukuta. Nimeikuza mpaka nikasoma kikaratasi kilicho chini yake: Jyotsna Kishore, Tanzania.

Picha ile ni yangu.

Nakueleza nilivyothibitisha, usije ukadhani ni hasira tu. Jana jioni nilifungua kompyuta ya studio nikaitafuta. Faili inasema ilipigwa tarehe 2 Juni, 10:26. Yaani saa nne na dakika ishirini na sita asubuhi. Saa nne asubuhi siku ile kamera ilikuwa mikononi mwangu. Wewe ulikuwa kwenye turubai na mama yako mnakunywa chai. Nakumbuka kwa sababu uliniletea maandazi mawili. Kamera ilikuwa moja. Nilikukabidhi saa nane mchana nilipoondoka kwenda kupiga harusi ya Buhongwa.

Miaka ishirini na sita nimepiga picha katika studio ya baba yako, nawe ukaniita mjomba ingawa hatuna damu moja. Harusi, misiba, mahafali ya Butimba, vitambulisho vya nusu ya mji huu. Kila moja imegongwa muhuri nyuma: Studio Kishore. Sikulalamika, muhuri ni wa duka. Lakini huko Bali hakuna duka. Kuna jina la mtu.

Jambo la pili hulijui. Mimi pia niliomba nafasi hiyo. Nilijaza fomu Oktoba, Pius akanisaidia Kiingereza. Hawakunijibu hata kunikataa. Ulipochaguliwa nilikupongeza mbele ya watu na keki nikala. Nilijiambia wanatafuta Mhindu kwa ajili ya sherehe za Wahindu, hakuna ubaya. Sasa naona hawakutafuta Mhindu. Walipenda picha yangu.

Mama Pius ameniuliza, "Mzee, unamwonea wivu mtoto uliyemfuta kamasi?" Nimemjibu ndiyo. Akasema, "Basi mwambie mwenyewe, usininunie mimi." Nimekwambia.

Waeleze ukweli kwa kinywa chako. Nasubiri mpaka Jumamosi jioni.

Mjomba wako,
Ngosha


Ubud
Alhamisi, 27 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na mvua. Mimi sijambo kiasi.

Nimechelewa kwa sababu jana tulikuwa baharini. Kabla ya mwaka wao mpya kila kijiji hubeba vitu vitakatifu vya hekalu mpaka ufukweni kuvitakasa, maelfu ya watu wamevaa nyeupe, na miavuli ya dhahabu inatangulia. Nilipiga picha mia tatu huku naiwaza barua yako. Nimeziharibu karibu zote.

Najua niliipiga mimi. Saa siikumbuki. Nakumbuka vumbi, nakumbuka nilipanda juu ya kreti la soda, na mwenye kreti akanifokea, "We dada, utanilipia wewe hizo chupa?" Lakini Mjomba, ungeuliza kwanza. "Mpwa, ile uliipiga wewe?" Maneno manne tu. Badala yake umefungua kompyuta kama mpelelezi.

Na hata ungekuwa umeipiga wewe, kamera ni ya studio.

Hilo nimeliandika kwa hasira. Silifuti, kwa kuwa umesema watu waambiane.

Kesho ni jioni ya mazimwi. Vijana wa kila mtaa wametengeneza madubwana ya mianzi na karatasi, marefu kuliko nyumba. Watayazungusha kwenye njia panda kisha wayachome. Jumamosi, siku ya mwaka mpya yenyewe, mtu haruhusiwi kutoka nje. Vizuri. Nitakuwa na siku nzima ya kukaa chumbani na kukujibu kitu kwa kitu. Nisubiri.

Mpwa wako,
Jyotsna


Mwanza
Jumamosi, 29 Machi 2025, saa moja jioni

Jyotsna,

Sikuulizi hali.

Nimekutumia ujumbe saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni. Jumbe zote tatu zina alama moja tu. Nimekupigia hapohapo WhatsApp mara mbili, haikuita. Uliandika kwa mkono wako, "Nitakuwa na siku nzima." Mtu aliyejifungia chumbani siku nzima na hapatikani, amezima simu.

Kamera ni ya studio. Sentensi hiyo nimeisoma siku mbili. Katika miaka ishirini na sita baba yako hajawahi kuniambia hivyo, na yeye ndiye mwenye kamera.

Saa kumi na mbili na nusu nimewaandikia waandaaji. Pius amesahihisha Kiingereza. Nimeambatisha faili na saa yake. Sikutukana mtu. Nimesema picha ni yangu, na kwamba wamuulize aliyeileta.

Ngosha


Ubud
Jumatatu, 31 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Salamu ni wajibu, mengine tutaona.

Jumamosi ile wanaiita Nyepi, siku ya kimya. Nilidhani ni kukaa ndani tu. Kumbe kisiwa kizima huzimwa. Hakuna gari, hakuna moto wa kupikia, hakuna taa. Uwanja wa ndege hufungwa. Makampuni ya simu hukata intaneti alfajiri mpaka alfajiri ya kesho yake. Walinzi wa mtaa hupita barabarani, na ukiwasha hata tochi wanakugongea. Maana yake ni kwamba mazimwi yakipita juu yaone kisiwa hakina mtu, yaende zao. Pak Wayan alitueleza Ijumaa jioni, wakati maandamano yameshaanza. Nikasema nitakujulisha yakiisha. Yalipoisha nililala na viatu. Hilo ni kosa langu.

Jumapili asubuhi simu iliporudi ilileta jumbe zako tatu, barua yako, na barua ya waandaaji, kwa mpangilio huo.

Picha wameishusha. Ukutani zimebaki pini nne. Wenzangu wanazungumza nami kwa upole mno, kama mtu aliyefiwa. Nimeondolewa kwenye maonyesho ya Mei. Kuna nafasi moja ya kubaki mwaka mzima kama msaidizi wa Pak Wayan. Walikuwa wameanza kunitaja. Sasa wamesema nisitajwe tena mpaka jambo hili liishe. Wamenipa hadi Ijumaa, tarehe 4, nilete uthibitisho.

Haya yanayofuata niliyaandika Jumamosi kwa penseli, kando ya dirisha, kabla giza halijaingia.

Kumbuka siku kamera ile ilipotolewa kwenye boksi. Wewe ulikuwa unafunga lenzi, mimi nashika kitabu cha maelekezo. Kamera ikadai saa. Nikakuuliza, "Mjomba, saa ngapi?" Ukatazama mkono ukasema, "Saa nne na dakika kumi." Nikaandika nne na kumi. 04:10. Hakuna aliyeirekebisha tangu hapo. Waliotengeneza kamera wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Mimi niliipa hesabu ya mdomo wako, inayoanza jua likichomoza. Kamera ile inasema saa kwa Kiswahili.

Kwa hiyo 10:26 si saa nne. Ni saa kumi. Saa kumi na dakika ishirini na sita jioni, na wewe uko Buhongwa unawapanga maharusi.

Usiniamini mimi. Fungua folda yote ya siku ile, si faili moja. Tazama na vivuli. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kivuli kabla ya kusoma saa. Folda iko kwenye kompyuta ya studio tu, mimi sina nakala, na Baba hajui hata inapowashiwa. Hakuna mwingine wa kuituma isipokuwa wewe.

Mpwa wako,
Jyotsna


Mwanza
Jumatano, 2 Aprili 2025

Jyotsna, mpwa wangu,

Marahaba. Tuko wazima.

Nimefungua folda. Picha 214. Ya kwanza inasema 02:05, na ndani yake watoto wa maandamano ya Ekaristi wamefinya macho kwa jua. Kama saa ile ni kweli, basi Bujora jua huwaka saa nane usiku. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha.

Ya mwisho niliyopiga mimi inasema 07:48. Ile ya jembe inasema 10:26, na vivuli vimelalia mashariki. Picha ni yako.

Leo asubuhi nimewatumia waandaaji folda nzima na barua. Nimeandika kwamba nilikosea. Sikuilaumu saa. Saa haikuniambia nifungue faili moja.

Nakala nimempelekea baba yako nikamsomea. Akavua miwani. "Ngosha, wewe nawe uliomba kwenda huko? Mbona hukuniambia?" Nikamwambia fomu ilisema waandaaji wenyewe watamwandikia mwajiri. Akasema hakuandikiwa. Basi, labda hawakunitaka hata kiasi cha kuuliza.

Nikwambie lililobaki. Nilikaa na picha zangu 139 za asubuhi ile, moja baada ya nyingine, nikitafuta hata moja ya kuikaribia yako. Zimenyooka. Mwanga uko sawa. Hakuna kichwa kilichokatwa. Na hakuna hata moja ambayo mtu angesimama mbele yake muda mrefu. Nilipodhani umeniibia nilikuwa na nafuu kuliko sasa.

Kamera ni ya studio, ni kweli. Nimeiacha mezani kwa baba yako mchana huu pamoja na ufunguo wa mlango wa nyuma. Hakunifukuza.

Mjomba wako,
Ngosha


Ubud
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Mjomba Ngosha,

Shikamoo. Mama ameniambia sasa una meza yako Nyegezi, karibu na stendi, na kamera aliyokutafutia Pius. Goti usiliache linyeshewe mvua. Mama Pius naye nasikia malaria ilimrudia; mpe pole.

Ni siku ishirini na tatu hatujaandikiana.

Picha yangu imerudi ukutani. Barua yako waliisoma mbele ya wote. Nafasi ya msaidizi ilikuwa imeshakwenda kwa Mjerumani, yule aliyekatwa na majani.

Juzi ilikuwa Galungan, siku ambayo wazee waliokufa hurudi kutembelea nyumba zao. Kila mlango umesimamishiwa mwanzi mrefu uliopambwa, kichwa kimepinda juu ya barabara. Nilipata picha nne nzuri. Jioni Pak Wayan akaniita barazani kwake.

"Huyu Ngosha Luhaga aliyetuandikia," akasema, "ndiye yule aliyeomba mwaka jana? Mwenye picha za watu wakinyolewa baada ya matanga?"

Nikasema ndiye.

"Tulimtaka. Alikuwa mbele yako kwenye orodha. Mwajiri wake hakutujibu."

Nakuandikia kabla hajakuandikia yeye. Sitajifanya nimetubu mwenyewe.

Barua yao ilifika studio tarehe 11 Novemba. Baba hasomi barua pepe, nasoma mimi. Waliuliza mambo matatu: unafanya kazi hapo, tangu lini, unaaminika? Ningejibu kwa dakika tano. Lakini mimi nilikuwa nimeomba wiki moja kabla, na picha zako za matanga nilizijua. Sikuifuta. Niliiacha. Kila asubuhi nikifungua kompyuta naiona, mpaka siku ya mwisho ya kujibu ikapita, ndipo nikaihamishia kwenye folda ya matangazo.

Uliponituhumu wizi ambao sikuufanya, nilikasirika kama mtu safi. Ilinipendeza kukasirika. Wivu wako uliutaja kwa mkeo siku ileile. Wangu nimekaa nao miezi mitano bila kuuita jina.

Siombi kitu. Narudi tarehe 6 Mei.

Mpwa wako,
Jyotsna


Nyegezi, Mwanza
Jumanne, 24 Juni 2025

Jyotsna,

Umekuja mezani kwangu mara tatu tangu urudi. Mara tatu umesema shikamoo, mara tatu nimeendelea kukata picha za pasipoti. Mama anayeuza ndizi hapa jirani ameniuliza, "Kwani huyo Mhindi amekukosea nini, Mzee, mpaka salamu umnyime?" Nikamwambia mambo ya kazi. Akasema, "Kazi gani hiyo, ya uchawi?"

Juzi nilikwenda Bulabo. Nilikuona upande wa Bagalu. Ulijifanya unafuta lenzi, nami nikajifanya natafuta kivuli. Safari hii sikuwa na harusi. Nilibaki mpaka ngoma ya mwisho.

Waandaaji wamefungua maombi ya mwakani. Wanatafuta msaidizi mwingine wa mwaka mmoja, mtu mmoja tu. Nimejaza fomu. Inataka barua ya mtu anayeijua kazi yangu. Mwajiri sina tena.

Iandike wewe. Eleza na kwa nini ile ya mwaka jana haikufika, maana sitaki wadhani nilikuwa mzembe. Nitaisoma kabla haijaondoka. Kama huwezi, usipite tena mezani kwangu.

Ngosha Luhaga


Mwanza
Ijumaa, 27 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama Pius anaendeleaje?

Nimeiandika kwa Kiswahili kwanza ili uisome. Ukiikubali nitaitafsiri kama ilivyo, bila kupunguza neno.

*Kwa waandaaji wa mafunzo.*

*Namfahamu Bwana Ngosha Luhaga tangu nikiwa na umri wa miaka minne. Alifanya kazi katika studio ya baba yangu kwa miaka ishirini na sita, hadi tarehe 2 Aprili 2025, alipoacha kwa hiari yake. Picha nyingi zilizotoka studio ile kwa jina la baba yangu alizipiga yeye. Zile za matanga alizipiga siku zake za mapumziko, na familia zenyewe ndizo zilizomwita.*

*Barua yenu ya Novemba 2024 kwa mwajiri wake ilifika. Niliipokea mimi. Sikuijibu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeomba, na niliogopa mtamchukua yeye. Yeye hakujua. Nafasi niliyoipata kwenu mwaka huu niliipata hivyo.*

*Bwana Ngosha ana tabia ya kununa, na akimshuku mtu hamuulizi. Hufika kazini kabla ya wakati. Akikosea hukubali kwa maandishi na kuwatumia wote waliohusika. Mimi nilijifunza kazi hii kwake.*

*Juni hii yeye na mimi tulipiga sherehe moja, siku moja, uwanja mmoja. Nimeziona picha zake zikiwa zimeanikwa mezani kwake. Zangu hazizifikii.*

*Ni haki mjue kwamba nami nimeomba nafasi hiihii, na kwamba nisingependa aipate. Kwa hiyo niliyoyaandika hapo juu msiyahesabu kuwa ni upendeleo.*

*Jyotsna Kishore,*
*mpwa wake*